Kiwavi Tuliyemwita kwa Jina la Mwenzake

Mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, ili vijana wanaoanza wasome. Nadhani mlitegemea niandike juu ya semina na kupandishwa vyeo, nimalizie kwa kuwashukuru viongozi. Mambo hayo yako kwenye faili langu, na mwenye muda akasome huko. Mimi nitaandika juu ya nondo, kwa sababu wao ndio waliomaliza macho yangu, na juu ya msimu mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka nikiwa naosha vyombo, najikuta nimeshika sahani kama nataka kumrushia mtu. Msitegemee upole. Nao nimeustaafu.

Niliripoti Songea nikitoka chuo cha kilimo, siku ya mvua kubwa, nimevaa viatu vyeupe. Aliyenipokea ni Mzee Fulgensi, msimamizi wa mitego ya nondo, mtu mfupi mwenye sauti ya kukoroma ambaye hakuwahi kumwita mtu yeyote kwa upole, hata mke wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Viatu hivyo ni vya kanisani?"

"Ni vya kazini, mzee."

"Kazi gani?"

Akanisukumia sinia lililojaa nondo waliokufa, akaniambia niwatenge, kila aina na kundi lake. Nikatenga kwa bidii asubuhi nzima, wakubwa huku, wadogo kule. Aliporudi alitazama mara moja tu, akawachanganya wote kwa kiganja, akasema, "Ulichofanya wewe ni kupanga viazi. Anza tena." Nilitoka nje nikalia nyuma ya stoo, kisha nikarudi nikaanza tena.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, mtego wa nondo ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko, inaning'inizwa kwenye nguzo pembeni ya shamba. Chini ya mfuniko unaweka kipande cha mpira chenye harufu ya nondo jike. Dume anaifuata harufu akidhani ameitwa, anaingia na kuangukia ndani. Asubuhi unafungua. Shida ni kwamba hawaji walioitwa peke yao. Utakuta nondo wa jamii nyingine, mende, nyuki, siku moja hata mjusi aliyekuja kula akashiba mpaka akashindwa kutoka. Kazi yako ni kumtafuta unayemhitaji katikati ya hao wote, na wengi ni wa rangi ileile ya majani makavu.

Mzee Fulgensi alinifundisha kuwashika kwa koleo dogo, ubavuni, nisiguse mabawa kwa vidole. Ule unga unaobaki kwenye vidole ukimshika nondo ndio unaobeba michoro yake yote. Ukiufuta, umebaki na mdudu mtupu ambaye hata mtaalamu wa Ulaya hatakuambia ni nani. Alinifundisha kupuliza taratibu badala ya kupangusa, na kutumia mwanga wa dirishani badala ya tochi. Zaidi ya yote hakuruhusu mtu aseme "mdudu" mbele yake. Ukisema "mzee, kuna mdudu anakula mahindi," anaendelea na kazi yake kama hujasema kitu. Sharti useme mdudu gani. Nilidhani ni ukali tu wa mtu aliyezeeka na ndoo zake. Baadaye nilielewa.

Miaka hiyo adui wetu mkubwa alikuwa kiwavijeshi wa zamani, yule ambaye wazee wote wa Songea wanamjua. Anakuja kwa vishindo, viwavi weusi wengi wasiohesabika, wanatembea ardhini kwa pamoja, wanavuka barabara, wanamaliza majani ya malisho na mahindi machanga. Kisha, baada ya wiki chache, wanaingia ardhini na kwisha. Mahindi yaliyobaki na mizizi mizuri yanaweza kuchipua tena. Kwa hiyo ushauri wetu ulikuwa rahisi: mkiwaona wadogo, toeni taarifa haraka wapuliziwe, mkiwakuta wameshanenepa, msipoteze dawa, wanakaribia kuondoka. Ushauri huo ulikuwa wa kweli, na mimi mwenyewe niliutoa mara nyingi sana nikiwa nimesimama kwenye matope. Nawaomba muukumbuke, maana ndio uliokuja kutuumiza.

Mzee Fulgensi alistaafu, akaishi miaka michache Mjimwema akifuga kuku, akafariki. Mitego ikabaki kwangu. Nilikuwa na pikipiki ya ofisi, na nikizunguka vijijini watu wananipigia kelele, "Bibi shamba! Leo umekamata wangapi?" Nilikuwa nafurahia kazi yangu. Nasema hivyo ili msidhani nilizaliwa na hasira.

Halafu ukaja ule msimu.

Tulikuwa tumeshatumiwa picha kutoka wizarani. Kiwavi mgeni kutoka Amerika, ambaye sasa nyote mnamwita kiwavijeshi vamizi, alikuwa ameingia Afrika na anashuka nchi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo nisijisifu kwamba niligundua kitu. Picha zilibandikwa ukutani ofisini, na kila aliyepita kwenda kuchukua chai alizipita.

Asubuhi moja nikakuta ndani ya mtego nondo dume mwenye doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele, na alama nyingine ya mshazari katikati, rangi ya mchanga. Nikampeleka dirishani. Alifanana na yule wa kwenye picha za ukutani, lakini nondo mmoja aliyechubuka ndani ya ndoo si ushahidi. Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja wa Bombambili, Mama Zawadi, muuza maandazi mwenye shamba pembeni ya mji. Alikuwa ameng'oa shina zima la mahindi na kulifunga ndani ya khanga kama mtoto mgonjwa.

"Dada, hawa si wale," akaniambia kabla hajakaa. "Wale wanatembea. Hawa wamekaa humu ndani, hawatoki."

Nikafungua. Majani yalikuwa na vidirisha vyeupe, yamekwanguliwa nyama ikabaki ngozi. Moyo wa mmea, pale majani mapya yanapotokea, ulikuwa umejaa kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Nikachambua jani moja moja, nikamkuta kiwavi amejikunja ndani.

Vijana, hapa msome vizuri. Kwenye paji la uso ana mchoro mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Huo mchoro peke yake msiuamini, kwa sababu wa zamani naye ana wake, ila umefifia. Nendeni nyuma. Kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mkiona Y, mkaona na ule mraba, acheni kubahatisha. Bado mimi sikuishia hapo. Nilimfuga yeye na wenzake niliowatoa shambani kwa yule mama kwenye chupa za jamu mpaka watoke nondo. Mwanzoni niliwaweka pamoja, asubuhi nikakuta mmoja mnene na vichwa vya wenzake. Wanakulana. Nikawatenga kila mmoja na chupa yake na majani yake. Walipotoka na kukausha mabawa, madume walikuwa na doa lilelile jeupe.

Nikachukua chupa zangu na lenzi nikaenda kwa mkuu wetu wa wakati ule. Simtaji jina, ingawa kila mmoja wenu wa zamani anamjua. Nataka mjue jambo moja kumhusu: hakuwa mjinga. Alisomea wadudu, tena vizuri. Watu wakisimulia habari hii husema mkuu hakujua. Si kweli, na uongo huo unanichoma kuliko mengine yote.

Alichukua lenzi, akamgeuza kiwavi kwa ncha ya kalamu, akahesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu, nne." Akatazama nondo. Akakaa.

"Ndiye," akasema.

"Tutangaze lini, mkuu?"

"Hatutangazi."

Nilidhani anatania. Akaenda kufunga mlango.

"Mama Kapinga, nikisema ni mdudu mgeni, kesho napigiwa simu. Nani amethibitisha? Kwa kibali gani? Umewatisha wakulima kwa mamlaka gani? Na stoo nina dawa ya yule wa zamani, nimeshatoa taarifa kwamba tumejiandaa. Sasa nirudi niseme hatujajiandaa?"

"Lakini watu watasubiri aondoke, na huyu haondoki. Anazaliana humohumo shambani. Ataingia mpaka kwenye magunzi."

"Vielelezo vipelekwe Dar es Salaam. Majibu yakija, tutasema. Kwa sasa ni viwavijeshi. Si ni viwavijeshi? Jina ni lilelile."

Hapo alitabasamu kidogo, kama mtu aliyepata njia ya kutokea. Ndiyo, jina ni lilelile ukikata neno la mwisho. Na alilikata.

Tangazo nililisikia redioni nikiwa nakunywa chai kwa mama ntilie karibu na soko. Wakulima wasiwe na hofu. Viwavijeshi wameonekana katika baadhi ya maeneo. Wakishakua wataingia ardhini wenyewe, na dawa ipo kwa watakaoihitaji. Maneno yalikuwa yetu, yaleyale niliyokuwa nikiyasema kwenye matope. Mama ntilie akaongeza sauti ya redio, akasema, "Afadhali, wanaondoka wenyewe." Nilimwambia hapana, hawaondoki, na akaniangalia kama mtu anayebishana na serikali kwa sababu ya kikombe cha chai.

Siku iliyofuata nilianza kuzunguka na chupa zangu nikiwaambia watu ukweli. Habari zikamfikia mkuu kabla sijarudi ofisini. Hakunigombeza. Aliniambia tu, bila kuinua macho, kwamba pikipiki inahitajika kwa shughuli nyingine, niache funguo kwa katibu muhtasi. Ile pikipiki ilikaa chini ya mwarobaini wa ofisi msimu mzima mpaka kuku wakaanza kulala juu yake.

Nikabaki na miguu na bodaboda. Bombambili nilifika, Mjimwema nilifika. Jumapili nilisimama nje ya kanisa misa ikiisha, nimeshika shina la mahindi, watu wakidhani nimeleta sadaka. Niliwaonyesha mayai yalivyofunikwa na manyoya kama pamba chini ya jani, wayapondeponde kwa vidole kabla hayajaanguliwa. Niliwaonyesha kutia mchanga au majivu ndani ya moyo wa mmea. Niliwaambia anayetaka kupulizia asipulizie mchana juu ya majani, kiwavi hayuko huko; asubuhi na mapema au jioni, bomba lielekezwe ndani ya moyo, na mikono ifunikwe. Mama Zawadi alikuwa anashika shina upande mmoja na kunisaidia kupiga kelele. Mashamba ya wengi hapo mjini yaliumia lakini yalivunwa.

Barabara ya Namtumbo, kule upande wa Hanga, sikufika. Niliomba usafiri wa ofisi nikaambiwa hakuna mafuta. Wale walibaki na redio tu.

Mahindi yalikuwa yameshaanza kubeba ofisi ilipopigiwa simu kutoka hospitali. Kuna mkulima ameletwa, dawa ya kuulia wadudu imemwingia mwilini, madaktari wanataka kujua ni dawa gani. Nikatumwa mimi. Nikamkuta mwanamume wa makamo, Kasian Ngonyani, fundi seremala na mkulima, amelowa jasho, mate yanamtoka, misuli ya mikono inacheza yenyewe kama kuna kitu chini ya ngozi. Mkewe, Benedikta, alikuwa amekaa kwenye sakafu na chupa mapajani.

"Shikamoo, bibi shamba," akasema, ingawa tulilingana umri. Hofu ndiyo iliyomfanya aniamkie.

Nikamwuliza ilivyokuwa. Akasimulia bila kulia, huku anazungushazungusha kifuniko cha chupa.

"Tulisikia redioni wataondoka. Tukasubiri. Mume wangu kila asubuhi anakwenda kuangalia, anarudi anasema bado wapo, wanazaliwa wengine juu ya wenzao. Mimi namwambia subiri, wamesema wataondoka. Mimi ndiye niliyemwambia subiri. Mpaka akaona wameingia kwenye magunzi. Ndipo akaenda kwenye lile duka njia panda, wakampa hii, wakamwambia changanya mara mbili, viwavi wa mwaka huu ni wagumu. Akapulizia mchana, upepo unamrudishia, bomba linavuja mgongoni."

Nikaomba chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa. Hakuna lebo, hakuna jina, kimiminika cha rangi ya maziwa kimebaki chini. Niliinusa kwa mbali, na harufu ile ya kitunguu kilichooza niliijua. Nikamwambia daktari ni kundi gani la sumu. Naye kwa dalili za mgonjwa alikuwa ameshaanza kumtibu hivyohivyo.

Kasian hakufa. Watu wakisikia hivyo wanashusha pumzi, na mimi ndipo ninapokasirika zaidi. Baada ya wiki chache, alipokuwa tayari nyumbani, miguu ikaanza kufa ganzi, nyayo zikaanza kuburuza. Sumu za aina ile huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Mtu aliyekuwa anabeba mbao kwa baiskeli kutoka porini, akapanda paa la mwenzake bila ngazi, sasa anatembea kwa fimbo mbili toka kitandani mpaka mlangoni.

Nilirudi nikamweleza mkuu. Alisikitika, nampa haki yake, alisikitika kweli kwa muda mfupi. Kisha akasema, "Wakulima wetu tatizo lao hawasomi lebo."

"Chupa haikuwa na lebo," nikasema.

"Basi wangeuliza wataalamu."

"Waliuliza, mkuu. Tuliwajibu redioni."

Akaanza kutafuta kitu kwenye droo.

Kabla msimu haujaisha, jina likatangazwa kutoka juu, na wote tukaruhusiwa kulisema. Kikaitishwa kikao kikubwa, wakaja wageni, vikaletwa vipeperushi vyenye picha ya ile Y na ule mraba. Mkuu akasimama mbele akasema ofisi yake ilimtambua mdudu huyu mapema sana, kwa juhudi za wataalamu wake, na akaninyooshea mkono nisimame nipigiwe makofi.

Nikasimama. "Mkuu, mapema lini?" nikauliza. "Kabla ya tangazo la redio au baada?"

Makofi yakakatika. "Mama Kapinga, hilo tutazungumza baadaye," akasema, akamkaribisha mtoa mada. Hiyo baadaye haikufika. Alihamishwa kwenda mkoa mwingine, na sherehe ya kumuaga ilikuwa na mbuzi wa kuchoma. Sikwenda.

Miaka iliyofuata nilifundisha watu wengi, baadhi yenu mkiwemo. Mnajua sasa kumtofautisha mgeni na wa zamani, na hata na funza wa mabua, mkiwa mmesimama juani bila lenzi. Hiyo ni kazi nzuri na ninaipenda. Lakini sikubali mtu aniambie kwamba shida ya ule msimu ilikuwa elimu. Elimu tulikuwa nayo ukutani, na ndani ya chupa, na mezani kwa mkuu. Siku mtakapoombwa kumwita mdudu kwa jina la mwenzake kwa sababu jina lake halisi lina usumbufu, msikubali, na wakiwanyang'anya pikipiki, nendeni kwa miguu. Mtachoka. Mimi nilichoka, na pengine shinikizo langu la damu lilianzia hapo.

Mwezi uliopita, nikiwa sasa raia wa kawaida, nilipanda gari la Namtumbo nikaenda kuwasalimia Kasian na Benedikta. Nilikuwa nimeshakwenda mara kadhaa huko nyuma, lakini kila mara na vipeperushi mkononi na gari la ofisi likinisubiri. Safari hii nilikwenda kukaa. Kasian alikuwa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, kirefu kwa ajili ya miguu yake, anapiga randa ubao mdogo. Sasa anatengeneza vibao vya kukatia mboga na vigoda, kazi za kukaa.

Tukala, tukaongea mambo ya mvua na watoto. Kisha akaweka randa chini.

"Bibi shamba, kuna kitu siku zote nataka kukuuliza, ila ulikuwa mtu wa ofisi. Yule mdudu, ninyi mlikuja kumjua lini? Maana mimi nawaambia watu, msiwalaumu bure, alikuwa mgeni, hata wao hawakumjua."

Miaka yote hiyo alikuwa anatutetea. Mbele ya kijiji kizima, yeye na fimbo zake, anatutetea.

"Tulimjua kabla ya tangazo," nikasema. "Nilimpelekea mkuu, akamtazama kwa macho yake, akakubali kwamba ndiye. Kisha redio ikasema msubiri."

Kasian alipangusa vumbi la mbao kwenye mapaja yake, upande mmoja, halafu upande wa pili. Kisha akageuza shingo kuelekea jikoni.

"Benedikta! Njoo hapa."

Mkewe akatoka, mikono ina unga wa ugali, akasimama mlangoni.

"Miaka yote huyu anasema ni yeye aliyenichelewesha," Kasian akaniambia. "Hapiti msimu hajasema. Bibi shamba, rudia maneno yako. Rudia polepole, na yeye asikie."

Nikarudia.